Jicho la Mwalimu wa Chekechea

Zoezi gumu kuliko yote katika mafunzo ya mwalimu wa chekechea halihitaji kitabu. Mkufunzi humwambia mwanafunzi wake afungue daftari, apige mstari katikati ya ukurasa kutoka juu hadi chini. Upande wa kushoto aandike anachokiona. Upande wa kulia aandike anachokidhani. Kisha humpeleka kwenye darasa la watoto wa miaka minne, humketisha pembeni kwenye kiti kidogo, na kumpa mtoto mmoja wa kumtazama kwa dakika kumi.

Dakika kumi zikiisha, kushoto mara nyingi hamna kitu. Kulia kumejaa: mtoto mkaidi, mtoto mvivu, mtoto anadeka, mtoto hakulelewa vizuri kwao. Mkufunzi mzuri hagombi. Huuliza tu: ulimwona akifanya nini hata ukaandika kwamba ni mkaidi? Mwanafunzi hufikiri. Aliitwa. Mara ngapi? Mara tatu. Alikuwa anaangalia wapi? Dirishani, mwalimu akiwa nyuma yake. Aligeuka lini? Mwenzake alipomgusa bega. Basi yaandike hayo, upande wa kushoto. Yakishaandikwa, neno "mkaidi" linakosa pa kusimama, na swali jingine linajitokeza: je, mtoto huyu anasikia?

Humo ndimo ulimo ufundi ninaotaka kuusifu. Watu wengi wakimfikiria mwalimu wa nasari huona nyimbo, uji wa saa nne na watoto waliolala mkekani. Hayo yapo, na nyimbo zenyewe si kazi ndogo. Lakini nyimbo zikiendelea kuna jicho linalofanya kazi bila kupumzika, na jicho hilo hakuna anayezaliwa nalo. Hufunzwa pole pole, kwa miaka, na watu ambao majina yao hayajulikani nje ya kata zao.

Mfano wangu ni kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, zilizokuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, kabla ya kugawanywa. Ni nchi ya mambo mengi: mpaka wa Isebania na biashara zake, tumbaku ya Wakuria, machimbo ya dhahabu ya Nyatike, miwa ya Awendo, mialo ya omena kutoka Muhuru hadi Sori, kisha Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Mtoto wa Kehancha huja darasani na Kikuria, wa Ndhiwa na Dholuo, wa mjini Migori au Isebania na Kiswahili kilichochanganyika na vyote. Sera ya elimu inasema aanzishwe kwa lugha ya mahali alipo. Hapo pekee pana kazi ya jicho. Mtoto wa Kikuria aliyehamia na mama yake kwenye kijiji cha Wajaluo atakaa kimya wiki nzima, na mwalimu asiyefunzwa atasema ana tatizo la kusema. Aliyefunzwa humfuata uwanjani. Humsikiliza anapocheza na dada yake nyuma ya choo, ambako hakuna anayemsikiliza. Akimsikia anapanga maneno manne kwa mfululizo katika lugha ya mama yake, anajua kwamba mtoto huyu hajachelewa kusema hata kidogo. Akisikia vilio na vidole vinavyoonyesha tu, kwa mtoto wa miaka minne na nusu, anajua kwamba kuna kazi ya kufanya, tena haraka.

Huku ziwani jicho hilo lina deni zito zaidi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Malaria haitoki mwaka mzima. Si ajabu kwamba Kenya ilipozindua chanjo ya malaria mwezi Septemba 2019, uzinduzi ulifanyika Homa Bay. Malaria kali haiishii hospitalini. Watafiti wa Kilifi waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, wakakuta kama robo yao wamebaki na udhaifu wa namna fulani: kifafa, ugumu wa kusema, kumbukumbu iliyopungua, mkono au mguu usiotii. Watoto hao wanarudi nyumbani, wazazi wanashukuru Mungu kwamba wamepona, na miaka miwili baadaye wanaketi kwenye PP1, darasa la kwanza la chekechea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 nao ulikuta Homa Bay ikiongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU, asilimia 19.6 ya watu wazima. UKIMWI uliwachukua wazazi wengi, na ndiyo maana kwenye mikutano ya wazazi wa chekechea utaona vitambaa vya nyanya wengi kuliko vichwa vya akina mama vijana.

Hebu tumtazame mwalimu anavyopima masikio ya mtoto, maana hapo ufundi wake unaonekana wazi. Hana mashine. Humwomba mwenzake, au mtoto mkubwa mwenye akili, aketi mbele ya mtoto na kumshughulisha kwa kitu kisicho na sauti, kipande cha kitambaa au kifuniko cha chupa. Yeye mwenyewe huja nyuma, hatua moja hivi, upande mmoja. Anaangalia jua liko wapi, kivuli chake kisimtangulie. Anavua viatu kama sakafu ni ya mbao, kwa sababu mtoto asiyesikia hujua mengi kwa miguu. Kisha anaita jina kwa sauti ya chini, kulia, anangoja, kushoto, anangoja tena. Anajaribu sauti nyembamba ya "sss", halafu nzito ya "uuu", kwa kuwa kuna sikio linalopokea moja na kuikosa nyingine. Hangoji mtoto ageuke tu. Anangoja mkono unaochezea kifuniko usimame kidogo, au kope zipepese. Akimaliza haandiki chochote cha mwisho. Anarudia siku nyingine, mafua yakiwa yameisha. Na kabla ya yote hayo ameshachungulia ndani ya sikio lenyewe, kwa sababu usaha unaotoka sikioni miezi na miezi ni jambo la kawaida sana kwa watoto wetu, na dawa yake ipo zahanati.

Mimi huvutiwa zaidi na kinachofuata. Rufaa ya hospitali inaweza kuchukua muhula mzima, na mwalimu huyu hakubali muhula upotee. Anamhamisha mtoto mbele. Kisha anajihamisha yeye mwenyewe. Walimu wengi husimama dirisha likiwa nyuma yao, uso ukawa gizani. Aliyefunzwa husimama akilitazama dirisha, ili mwanga umpige usoni na mtoto aone midomo yake. Hasemi akiwa anaandika ubaoni. Hagusi kidevu anapozungumza. Wageni wakija darasani hawatagundua kwamba kuna lolote limebadilishwa. Na ikithibitika kwamba mtoto ni kiziwi kabisa, mwalimu bora hajiambii kwamba atasubiri afike umri wa kupelekwa shule ya viziwi kama ile ya Lambwe. Lugha haingojei. Mtoto asiyepata lugha yoyote katika miaka yake ya kwanza atalipa kwa maisha yake yote. Kwa hiyo mwalimu huanza kujifunza Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeitambua, ishara tano kwa wiki, na huzifundisha darasa zima pamoja na nyimbo. Watoto wa miaka minne huzishika upesi kuliko yeye. Baada ya muhula mtoto kiziwi anaweza kuomba maji, kumkataza mwenzake, na kucheka kwa wakati mmoja na wengine.

Saa nne, uji unapokuja, mkaguzi asiyejua kazi hutoka nje kupiga simu. Hapo ndipo angepaswa kubaki. Wakati wa uji mwalimu huona zaidi ya anavyoona katika kipindi kizima cha dakika thelathini. Nani anashika kikombe kwa mkono mmoja siku zote, na ule mwingine umekunjwa kifuani? Nani uji unamtoka pembeni mwa mdomo? Nani anapaliwa kila siku? Nani anaukaribia uso wa kikombe kana kwamba anautafuta, kwa sababu haoni vizuri? Nani anakunywa kwa pupa kiasi kwamba unajua hakula jana usiku? Mwalimu huzunguka akiwa na birika, anaongeza, anafuta midomo, na kichwani anaandika.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, uji ni suala la uhai. Nyumbani wamezoea kumlaza mapajani na kumiminia, kichwa kikiwa kimeanguka nyuma, kwa sababu hivyo ndivyo unavyoingia haraka. Hivyo ndivyo unavyoingia kwenye mapafu pia. Mwalimu aliyefunzwa humketisha wima, kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kinakuja kutoka mbele na chini badala ya juu, na anangoja midomo ifunge yenyewe. Anaweza kutumia dakika arobaini kwa kikombe kimoja. Nimeona watu wakimhurumia kwa muda huo anaotumia. Ningependa wamwonee fahari, maana katika dakika hizo anafanya kazi ambayo daktari wa kifua hatalazimika kuifanya baadaye.

Kuketi kwenyewe kuna elimu yake. Makalio yasukumwe hadi nyuma kabisa ya kiti. Magoti yakunjike sawasawa. Nyayo zilale chini, zisining'inie. Meza ifike kwenye kiwiko. Mtoto aliyekuwa anatetemeka na kupinda mgongo, akiwekwa hivyo, mikono yake huachiwa huru, na kwa mara ya kwanza unaona anachotaka kukishika. Kiti cha namna hiyo kutoka duka la hospitali ni ghali mno kwa familia ya mchimba dhahabu wa Nyatike. Lakini kuna njia iliyobuniwa Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer, ya kutengeneza samani kwa karatasi. Unakusanya makatoni ya duka na magazeti ya zamani. Unapika gundi ya unga wa ngano. Unabandika tabaka juu ya tabaka, unaweka mawe juu yake, unaanika hadi ikauke kabisa hata ukiigonga inalia kama ubao. Kisha unapima mtoto mwenyewe, si umri wake: paja, mguu wa chini, upana wa nyonga. Unakata, unaunga, unafunika kwa karatasi laini, unapaka vanishi ili uji na mkojo visiharibu kazi. Mwalimu anayeshika kipimo na kumpima mtoto paja lake anajifunza mwili wa mtoto yule zaidi kuliko mhadhara wowote ungeweza kumfunza.

Kisha kuna ustadi wa kukatakata kazi. Mtu asiye wa kazi hii hufundisha kuvaa sweta kuanzia mwanzo: tia kichwa, tia mkono, tia mkono wa pili, vuta. Mtoto mwenye ugumu wa kujifunza hukwama kwenye kichwa, analia, mwalimu anamalizia, na mtoto amejifunza kwamba sweta ni kitu cha watu wengine. Mwalimu aliyefunzwa huanza mwishoni. Anamvika kila kitu, anabakisha kuvuta pindo la chini tu. Mtoto anavuta. Amemaliza yeye! Wiki ijayo mwalimu anabakisha mkono mmoja na pindo. Wiki nyingine mikono yote miwili. Kila siku mtoto ndiye anayemaliza, kila siku furaha ya kumaliza ni yake, na anarudi nyuma hatua kwa hatua hadi siku anapolichukua sweta sakafuni mwenyewe. Inaweza kuchukua muhula. Nasema wazi kwamba sijui ufundi mwingine wenye subira ya aina hii ambao tunauheshimu kidogo hivi.

Walimu hawa wamefunzwaje? Kenya ilianza kulishughulikia jambo hili kwa mpango katika miaka ya 1970, kwa mradi uliosaidiwa na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya awali, NACECE, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya, DICECE. Kwa miaka mingi mwalimu wa chekechea wa Rangwe au Uriri alisoma hivi: Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa, alikwenda kambini, akalala bweni, akasikiliza, akashona vifaa, akaimba. Shule zikifunguliwa alirudi kwa watoto wale wale. Miaka miwili ikaenda hivyo, na katikati mkufunzi wa DICECE alipanda pikipiki kumfuata darasani kwake.

Nadhani huu ni mmoja wa mipango bora ambayo nchi hii imewahi kubuni, na hatujausifu vya kutosha. Kilichofundishwa Aprili kilijaribiwa Mei. Kilichoshindikana Mei kiliulizwa Agosti, mbele ya walimu thelathini ambao nao kilikuwa kimewashinda. Watoto hawakuwa mfano wa kitabuni; walikuwa na majina, kamasi na nyanya zao. Tangu mwaka 2021 kumekuja stashahada mpya ya elimu ya awali inayosomwa kwa kukaa chuoni, sambamba na mtaala wa umilisi, na vyuo vya ualimu vipo hapa hapa, Asumbi upande wa Homa Bay na Migori upande wa Migori. Ni hatua ya heshima kwa kazi iliyodharauliwa. Ombi langu ni kwamba heshima ya chuo isiifute pikipiki ya mkufunzi.

Kwa maana ziara ile ilikuwa ufundi ndani ya ufundi. Mkufunzi aliyekomaa huingia kimya, huketi kwenye mkeka pamoja na watoto, magoti yakiwa juu. Hachukui chaki kuonyesha jinsi ya kufundisha, kwa sababu anajua kwamba mwalimu aliyenyang'anywa chaki mbele ya watoto wake hatapona upesi. Huandika, upande wa kushoto tu. Watoto wakienda kucheza, swali lake la kwanza kwa mwalimu ni: wewe umeona nini leo? Anamwacha aseme yote. Mara nyingi mwalimu ameshaona kosa lake, anachohitaji ni ruhusa ya kulitaja. Kisha mkufunzi anachagua jambo moja, moja tu, ingawa daftari lake lina kumi na mawili. Labda ni kwamba mwalimu huuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla ya sekunde mbili kupita. Wanakubaliana: mpaka nitakaporudi, uliza, halafu hesabu kimoyomoyo hadi tano. Akirudi baada ya mwezi, anakuta watoto waliokuwa kimya wanajibu. Walikuwa na majibu siku zote. Walihitaji sekunde.

Pwani wanaujua ukweli huo wa kumfuata mwalimu darasani kwake. Mwaka 1986 Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said alianza kazi ya chekechea za madrasa, akitoka mtaa hadi mtaa, akizungumza na wazee wa misikiti, akichukua wasichana wa kijiji ambao wengi hawakuwa wamesoma sana na kuwafanya walimu. Nguvu ya mpango ule, ulioenea baadaye hadi Zanzibar na Uganda, ilikuwa kwamba mkufunzi hakurudi mjini akasahau. Alirudi darasani, akarudi tena, mpaka mwalimu akasimama.

Mwaka ule ule wa 1984 uliozaa NACECE, Kenya kwa msaada wa Denmark ilianza vituo vya kutathmini watoto wenye ulemavu, EARC, na mwaka 1986 ikafunguliwa Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi. Nyumba mbili zilijengwa karibu kwa wakati mmoja. Ya kwanza, ya NACECE, iliwafunza watu wanaomwona mtoto kila siku. Ya pili, ya EARC na KISE, iliwafunza watu wanaojua la kufanya wakishamwona. Kwa muda mrefu mno nyumba hizo ziliishi kama majirani wasioazimana chumvi. Mwalimu wa chekechea aliambiwa kwamba ulemavu ni wa wataalamu, naye mtaalamu wa tathmini alikaa ofisini makao makuu ya wilaya akingoja watoto ambao nauli yao haikuwepo. Mtoto akafikishwa kwake akiwa na miaka tisa, viungo vimeshakakamaa, lugha imeshampita.

Sera ya mwaka 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu iliwataka wasome na wenzao, na Homa Bay imekuwa moja ya sehemu ambako ukuta kati ya nyumba hizo umeanza kutobolewa. Mpango wa Inclusive Futures, uliofadhiliwa na Uingereza, ulifanya kazi Homa Bay na Turkana ukiwalenga hasa watoto wenye ulemavu wa umri wa chekechea. Kilichonipendeza katika mwelekeo wa namna hiyo ni kwamba mwalimu hapewi darasa la pembeni la "watoto wale". Anafunzwa kupanga somo moja lenye milango mingi: anayeweza kuhesabu kwa kusema aseme, anayeweza kwa kugusa mawe aguse, anayeweza kwa macho tu aangalie upande wa jibu. Jioni anakaa na mtaalamu na mzazi kuandika mpango wa mtoto mmoja, lengo moja la miezi mitatu, dogo, linaloonekana. "Atakaa kitini dakika kumi bila kushikwa." Hilo ni lengo. "Ataimarika kimwili" si lengo, ni dua.

Vifaa navyo vina hadhi yake. Katika madarasa ya huku chati haziandikwi kwenye karatasi, zinaandikwa kwenye magunia ya nailoni yaliyokatwa na kupindwa kwa sindano, kwa sababu karatasi haidumu muhula kwa unyevu, panya na mikono ya watoto. Vifuniko vya chupa huhesabiwa. Udongo wa mtoni hufinyangwa ng'ombe na mashua. Mafunjo ya ziwani hukatwa vipande virefu na vifupi, mtoto ajifunze urefu. Kwa mtoto asiyeona, mwalimu hushona kamba ya katani juu ya mstari wa herufi kwenye gunia, kidole kipite. Kifaa kizuri hujulikana kwa jambo moja: watoto wawili wanakigombania.

Lililo gumu kuliko yote hutokea nje ya darasa, siku mwalimu anapopaswa kumwambia mlezi. Hapa mafunzo mengi huwa mafupi mno, na walimu wazuri wamejifunza wao kwa wao. Mwalimu mzuri hamwiti nyanya mbele ya wazazi wengine. Haanzi na kasoro. Huenda mwenyewe nyumbani, hupokea kiti, huuliza habari za mahindi na za aliye hospitalini. Kisha, akimwita nyanya kwa Dholuo, husema kitu kama, "Dani, huyu kijana wako ana mkono mzuri wa kupanga vitu. Jana alipanga vifuniko vyote vyekundu peke yake." Ni kweli, na nyanya anafurahi kwa sababu hakuna aliyewahi kumsifia mjukuu huyo. "Nisaidie kuangalia jambo. Nitamwita nikiwa nyuma yake." Anamwita. Mtoto hageuki. Nyanya ameona kwa macho yake. Hakuna aliyelazimika kumwambia.

Anaweza kusema ni chira, kwamba mwiko ulivunjwa katika boma. Mwalimu aliyefunzwa na maisha hatabishana na mwanamke aliyezika watoto wake. Atasema kwamba hayo ya boma wazee watayashughulikia, lakini sikio nalo lina hospitali yake, na yeye mwenyewe atasindikiza. Na atakumbuka kwamba nyanya huyu si mwanafunzi wake. Katika maboma ya Wajaluo wa zamani kulikuwa na siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim, ambamo watoto walilala na kukua wakisikiliza hadithi, vitendawili na nasaba. Mwanahistoria David William Cohen ameandika kwa kirefu jinsi maarifa ya jamii yalivyopita mlangoni pale. Chekechea nzuri za huku humwalika nyanya Ijumaa aje atambe hadithi. Watoto wanaketi, na mwalimu, akiwa ameachiwa mikono, anapata nusu saa safi ya kutazama nani anacheka wakati unaofaa na nani anacheka kwa kuwa wenzake wamecheka.

Malipo nitayasema kwa kifupi kwa sababu yanajulikana. Tangu 2013 chekechea ziko chini ya kaunti, na walimu wake wengi wanaishi kwa mikataba, kwa pesa ambazo mwalimu wa msingi asingezikubali. Ni aibu, na haiondolewi na sifa za waandishi.

Bado kuna umri ambao chekechea haiufikii. Mtoto huingia PP1 akiwa na miaka minne, na miaka minne ni mingi. Mama wa mwalo wa Sori anayeanika omena alfajiri humwacha mtoto na jirani, au na binti wa miaka kumi. Anayebisha hodi hapo ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa zaidi ya laki moja waliopewa mikoba ya kazi na serikali mwaka 2023. Kijitabu cha mama na mtoto anachokikuta nyumbani kina ukurasa wa hatua za ukuaji: kuketi bila kushikwa kati ya miezi 5 na 9, kutembea kati ya 12 na 18. Ukurasa huo mara nyingi hubaki mtupu, wakati kurasa za chanjo zimejaa mihuri. Kuujaza kunahitaji jicho lile lile. Kilifi, mtafiti Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji cha watoto wa miezi 6 hadi 35 kwa kuzingatia maisha na vitu vya watoto wa huko, kwani mtoto akipimwa kwa vitu asivyowahi kuviona, unachokipima ni ugeni wake tu. Mhudumu wa Sori na mwalimu wa chekechea jirani wangepaswa kufunzwa katika chumba kimoja, likizo moja, wakabadilishana madaftari.

Kwa hiyo, kaunti hizi mbili zinapoketi kupanga bajeti ya elimu ya awali, baada ya madarasa na madawati ningeomba mambo matatu yaandikwe kwa majina yake. Mafuta ya pikipiki ya mkufunzi, yatoshe kila darasa litembelewe zaidi ya mara moja kwa muhula. Nauli ya boti ya mtaalamu wa tathmini kwenda Mfangano, ili watoto wa kisiwani wasingoje wazazi wapate pesa ya kuvuka. Na mshahara wa msaidizi mmoja wa darasa, hata wa siku moja kwa wiki, ili mwalimu apate dakika kumi za kuketi pembeni na kumtazama mtoto mmoja.